Namba Sitini na Tatu, Chumba Namba Saba

Hospitali nzima inamwita Zima-Washa, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Ukimpigia simu kwamba kompyuta imegoma, hata hujamaliza kueleza, ameshakudakia: "Umejaribu kuzima na kuwasha?" Daktari mkuu aliwahi kumuuliza kama na mkewe nyumbani anamtibu hivyohivyo. Mkewe, aliyekuwa karani wa mapokezi, akajibu yeye, anacheka: "Mimi hanizimi, daktari. Hana ubavu huo!"

Nilikuwepo. Nimekaa na Zima-Washa miaka kumi na mmoja kwenye chumba cha seva, ghorofa ya pili, kwenye baridi ya kugandisha vidole. Namwita shemeji, kwa kuwa mkewe alinifanya mdogo wake tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo nikimsema vibaya, nina haki.

Kwanza niwaeleze kazi yetu, msije mkaniona mwongo. Seva zetu ni mbili, Mkubwa na Mdogo, zimeunganishwa ili moja ikianguka nyingine ishike kazi na mgonjwa asijue kilichotokea. Juu yao kuna programu inayolinda programu nyingine zote. Sisi tunaiita Mnyapara. Kutwa anachungulia tu: ya dawa ipo? Ya maabara ipo? Akikuta moja imekufa kwenye Mkubwa, haulizi mtu, anaiwasha kwenye Mdogo kabla dakika haijaisha. Ndiyo maana ukitaka kusimamisha programu, huigusi yenyewe. Unamwambia Mnyapara: simamisha. Anaiacha imalize iliyo nayo mkononi, anaifunga, na anaandika kwamba isiwashwe tena. Ukiikata wewe kwa mkono wako, yeye atadhani imekufa, ataifufua. Kila mgeni hufanya kosa hilo mara moja, nasi tunamcheka wiki nzima.

Sasa, programu ya kuita wagonjwa ilikuwa na sauti ya mke wa Zima-Washa. Alifungiwa siku mbili kwenye stoo ya mafaili, akarekodiwa akisoma namba moja hadi mia, na vyumba, namba moja hadi saba. "Namba ishirini na nne, chumba namba tatu." Aliita kama anakukaribisha kwake sebuleni. Watu walikuwa wanaitika, wallahi, wanasema "abee" kwa spika ya ukutani.

Miaka miwili iliyopita alilazwa hapahapa, chini, chumba namba saba, ambacho siku hizo kilikuwa na vitanda vya wagonjwa wa kifua. Mimi nilikuwa likizo. Siku moja shemeji alikuwa peke yake, anahamisha programu kutoka Mkubwa kwenda Mdogo, kazi ya saa tatu nzima, na simu haziingii chumba cha seva. Tunaziacha kwenye kikapu mlangoni. Alipotoka alikuta ameshapigiwa mara kumi na nne, zote kutoka kwa mkewe. Alishuka ngazi mbio, akakuta shuka limeshafunika uso. Muuguzi akamwambia, wala si kwa ubaya, "Alikuwa anakuita."

Siku ya nne alirudi kazini. Marehemu naye aliendelea kuita namba ukumbini kila asubuhi, na shemeji akaweka spika ndogo mezani kwake juu, amsikie. Nilimwomba aizime. Akaniambia nishughulike na yangu.

Mwaka huu vyumba vikapangwa upya. Cha saba kikawa stoo ya vitanda vibovu, kikapigwa kufuli. Ikaletwa programu mpya, yenye sauti ya mwanamke tusiyemjua, anasoma namba kama anakuhukumu. Jumatatu shemeji akapewa kazi ya kusimamisha ile ya zamani. Akaniambia tayari. Saa tano asubuhi, ukumbi umefurika, marehemu akaita.

Wafagiaji, waliokwisha kutangaziwa kwamba sauti hiyo imezimwa, waliacha ndoo palepale. Karani mpya akatoka mapokezi, akasema harudi pale hata kwa mtutu. Shemeji akaizima. Jumanne ikarudi. Jumatano ikarudi tena, ikadaka namba ya mama mmoja mwenye mtoto wa homa, ikamwita chumba namba saba. Maskini, mama wa watu akaenda kusimama mbele ya kufuli. Ameambiwa na sauti, afanyeje? Alisimama karibu saa nzima, mpaka mtoto akashikwa na degedege mikononi mwake. Mtoto alipona, Mungu ashukuriwe. Lakini ukelele wa yule mama ulipanda mpaka kwetu juu, na bado nausikia.

Mimi siamini mizimu. Lakini Jumatano hiyo, nikiwa peke yangu kati ya Mkubwa na Mdogo, niligeuka nyuma mara mbili. Niliogopa, basi, nasema. Halafu nikafanya nilichotakiwa kufanya tangu Jumatatu: nikafungua kumbukumbu za Mnyapara. Imekatwa kwa mkono, imefufuliwa ndani ya dakika, ikakaa kimya mpaka ilipowahi kudaka namba kabla ya ile mpya. Imekatwa, imefufuliwa. Mara tatu, na jina la aliyekata lipo, la shemeji.

Damu ilinichemka. Aliporudi nikamgeuzia skrini. "Shemeji, hata mgeni wa wiki moja anakosea hivi mara moja tu! Mtoto wa watu nusura afe!"

Alikaa, akafuta miwani kwa shati muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Nikiikata, inarudi," alisema. "Nikiisimamisha, hairudi. Kila siku naifungua ile amri, naiandika yote. Mkono unakataa."

"Basi niachie mimi."

"Nakuachia. Ila Jumamosi, kliniki ikifungwa. Na usimkate katikati. Muache amalize neno."

Mpaka Jumamosi hiyo, nilimwambia Mnyapara aishikilie tu programu ya zamani: isiite mtu, lakini isifungwe moja kwa moja. Daktari mkuu alikuwa ameshasema ikiita tena mgonjwa yeyote, shemeji anakwenda nyumbani moja kwa moja.

Jumamosi saa nane mchana ukumbi ulikuwa mtupu, sakafu bado mbichi. Nilikaa mapokezi na kompyuta yangu. Niliipumzisha programu mpya, nikaiachia ya zamani. Shemeji alikwenda kwenye mashine ya namba. Mgonjwa wa mwisho alikuwa wa sitini na moja. Akabonyeza, akapata sitini na mbili, akaitia mfukoni. Akabonyeza tena. Mimi ni mtu wa hesabu, nikaelewa: ile programu huzungusha vyumba saba kwa zamu, na sitini na tatu inaangukia cha saba. Akakaa benchi la mbele, miguu pamoja, kama mgonjwa.

"Namba sitini na mbili, chumba namba sita," mkewe aliita. Hakuinuka mtu.

Sitini na tatu ilipowaka kwenye skrini, nikampa Mnyapara amri. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo.

"Namba sitini na tatu," aliita taratibu, kwa ile sauti yake ya sebuleni, "chumba namba saba."

"Naam," shemeji alisema. "Nakuja."

Alitembea hadi mwisho wa korido. Ufunguo wa stoo alikuwa nao, ameuazima tangu asubuhi. Alifungua kufuli, lakini hakuingia. Alisimama pale, akanyoosha kola ya shati, akapiga hodi.

Kwenye skrini yangu iliandikwa: imesimamishwa. Spika ikakoroma kidogo, ikanyamaza.

Akapiga hodi ya pili. Nilitaka kumwitikia karibu, jamani, mtu asikae mlangoni bila kujibiwa. Lakini hodi ile haikuwa yangu kuijibu. Akasubiri kidogo, kisha akaingia mwenyewe.