Mkate Usio na Chumvi

Miaka ishirini na miwili Tazuko alikuwa akiuza mikate ya Fundi Iwakiri katika duka lao mjini Onomichi, Japani, pale zinapoanzia ngazi za kupanda hekaluni. Aliijua mikate ile hata kwa kuitazama tu. Ndiyo maana asubuhi ile, sinia la kwanza lilipotoka tanurini, alijua papo hapo kuna kasoro. Mikate ya maziwa ilikuwa imevimba kupita kiasi, na juu imepauka kama uso wa mgonjwa.

Alikata kipande kwa kificho, akakitia mdomoni. Hakikuwa na chumvi.

Ilikuwa mara ya tatu mwezi huo. Mara ya kwanza alijiambia, binadamu husahau. Mara ya pili aliificha mikate chini ya kaunta, akawaambia wateja imeungua. Fundi alikuwa na miaka sabini na sita, mkewe amekufa, mtoto hana. Tanuri lile ndilo lililokuwa likimwamsha kila siku. Ukimwambia mtu kama huyo kwamba kazi inamtoka mikononi, unamwachia nini?

Foleni nje ilikuwa imefika kwa muuza samaki, nusu yake wasafiri na mabegi yao ya magurudumu. Tazuko alifungua mlango nusu. Mbele alisimama mama mmoja wa makamo, ameshika kofia ya jua.

"Dada, mimi natoka mbali, Sendai," alisema yule mama. "Jirani yangu alikula mkate wa hapa mwaka jana, hajanyamaza mpaka leo. Nimekuja nipate la kumjibu."

Watu wa nyuma wakacheka. Tazuko naye akacheka. Angeweza kuuza tu. Wengi wangepaka siagi, wasitambue. Lakini huyu angerudi Sendai akamwambia jirani yake kwamba duka lile ni jina tupu.

"Nipe dakika chache, mama," akasema, akarudisha mlango.

Jikoni Fundi alikuwa akikanda donge la pili.

"Mbona huwafungulii?" aliuliza bila kugeuka. "Unangoja waote mizizi?"

"Fundi, onja hiki."

Alijifuta mikono kwenye aproni, akatafuna taratibu. "Mkate wa maziwa. Umetoka vizuri. Una neno wewe, sema."

"Hauna chumvi."

"Chumvi imo."

Tazuko alikuwa amejiandaa kwa ukali, hata kwa kufukuzwa. Hilo hakulitarajia. Alishusha kopo la chumvi kutoka rafuni, akaliweka mbele ya mzee. Lilikuwa jipya, na karatasi ya mdomoni ilikuwa haijachanwa.

Fundi aliipapasa ile karatasi kwa kidole. Kisha akaichana, akachota chumvi kidogo, akaiweka ulimini. Akakaa juu ya gunia la unga.

"Kama mchanga," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu ile homa ya majira ya baridi. Nilidhani itapita. Mimi chumvi sijawahi kuipima, naonja donge, najua. Siku hizi naonja, sipati kitu, najiambia nimeshatia." Akamwinulia macho. "Leo ni mara ya kwanza?"

"Ya tatu. Zile mbili nilizificha."

"Uliwaficha wateja?"

"Nilikuficha wewe."

"Umenikosea, Tazuko. Ningekuwa nimeshamwona daktari."

Fundi alivua kofia yake ya kazi, akatoka mwenyewe mpaka kizingitini, akainama mbele ya foleni nzima.

"Mkate wa asubuhi nimeuharibu," aliwaambia. "Mwingine utatoka saa nne. Nisameheni."

Wengine wakaburuta mabegi yao, wakaenda zao. Mama wa Sendai akatazama saa. "Treni yangu ni saa nne na nusu," alisema. "Nitakaa hapa kwenye ngazi."

Tazuko ndiye aliyepima chumvi, kwa mizani ya kupimia sukari, akamwaga, akarudia. Alionja donge mara nne. Kila mara alijiona kama mwongo anayejifanya fundi.

Saa nne na dakika kumi yule mama alipokea mkate wa moto, akaumega palepale kwenye ngazi. Tazuko alimchungulia kupitia kioo. Mama alitafuna, akatazama upande wa bahari, akatafuna tena, kisha akakunja karatasi na kushika njia ya stesheni haraka, bila kugeuka. Alichokwenda kumwambia jirani yake, Tazuko hakukijua kamwe.

Daktari alisema ladha huenda ikarudi, huenda isirudi. Fundi bado anakanda, maana mikono haina kasoro, na Tazuko siku hizi anafika alfajiri kuonja kwa niaba yake. Mzee husimama kando, kofia mkononi, akimtazama mdomo.

"Vipi?" huuliza.

Naye, kabla hajajibu, huonja tena.