Kinyozi na Mashine ya Picha za Ubongo

Kwa miaka thelathini na moja kinyozi yule alinyoa ndevu za watu bila kumkwaruza mtu. Kisha mkono wa kulia ukaanza kutetemeka, miguu ikawa mizito kama imefungwa mawe. Daktari akautaja ugonjwa: Parkinson. Wateja wakahamia kiti cha pili, kwa mwanawe.

"Mimi si wa kukaa kuhesabu nzi," akamwambia mkewe. Aliposikia hospitali ya chuo inatafuta watu wa utafiti, kuona kama tiba ya Kichina ya kuchoma sindano nyembamba zisizo na dawa hubadilisha chochote ubongoni, alikuwa wa kwanza kujiandikisha.

Mtafiti, daktari wa kike rika la bintiye, hakumficha kitu. "Mzee, nusu yenu mtachomwa sindano za kweli, nusu za kuigiza, butu, haziingii ngozini. Anayejua nani kapata zipi ni mchomaji peke yake, mpaka utafiti uishe. Na dawa zako usiache."

"Nimeelewa, daktari. Tuanze."

Kazi ilikuwa kwenye mashine ya picha. Alitakiwa alale kimya dakika ishirini ndani ya bomba linalogonga kama bati chini ya nyundo. Taya likamchezacheza, picha ikatoka ukungu mtupu.

"Tukikosa na Alhamisi, mzee, itabidi tukutoe kwenye utafiti," daktari akamwambia.

Akarudi nyumbani, akajilaza chini ya meza. Mkewe akapewa sufuria na mwiko.

"Gonga, mama watoto!"

"Majirani watasema tumerukwa na akili."

"Waache waseme. Gonga!"

Siku tatu mfululizo, mpaka akajua kwamba akivuta pumzi polepole na kulaza ulimi kaakaani, taya hutulia. Alhamisi picha ikatoka safi.

Wiki kumi na mbili hakukosa kliniki ya sindano hata siku moja. Mwishoni daktari akawaita yeye na mkewe. "Mzee, wewe ulikuwa wa sindano za kuigiza."

Mkewe akaruka. "Yaani tumetwanga maji kwenye kinu?"

"Hapana, mama. Bila picha zake, za wale wengine tungezilinganisha na nini?"

Kinyozi roho ilimuuma, maana siku hizo alijiona anatembea kwa wepesi. "Na ule wepesi wa miguu?"

"Nao tunauchunguza. Hatujajua bado umetoka wapi."

"Awamu nyingine lini?"

"Mwezi ujao."

Akavuta fomu ya kujiandikisha, akachukua kalamu mwenyewe. Herufi zilitoka ndogo kama sisimizi, lakini aliandika jina lake lote, mpaka mwisho.