Karatasi ya Damu na Mipaka ya Kibanja

Kazi yangu ni kupima damu ya watu hapa Bukoba, na kuna jambo moja ambalo sijalizoea mpaka leo: majibu yanawahi, watu wanachelewa.

Mwaka ule wa corona, tulipokuwa bado tunasema "changamoto ya upumuaji" ili tusitishane, baba yangu alishikwa na homa nyumbani kwetu Muleba. Nilikwenda asubuhi na mapema nikamkuta barazani anakunywa chai. Akanitania kwamba hospitali nzima nimeimaliza, sasa nimefuata damu yake. Nilimbana kidoleni kile kifaa cha kupima oksijeni, kikasoma vizuri tu. Kaka yangu mkubwa alikuwa ameshachemsha sufuria ya nyungu ya kumfukiza, majani ya mchaichai yanaelea, na aliniangalia kama mtu aliyeingiliwa jikoni kwake. Nilitoa damu, nikaitia kwenye kikasha cha barafu, nikarudi nayo Bukoba nimeipakata.

Saa tano majibu yakatoka. Chembe nyeupe zinazopambana na virusi zilikuwa zimeshuka sana. CRP, kipimo kinachoonyesha mwili unawaka kiasi gani kwa ndani, kilikuwa juu. D-dimer nayo ilikuwa juu, maana yake damu ilikuwa inaanza kuganda mahali isipotakiwa. Nilirudia vipimo vyote kwa mkono wangu nikitumaini nimekosea. Sikuwa nimekosea. Daktari wa zamu aliposoma ile karatasi alisema mzee aletwe siku ileile, akiwa bado anatembea, aanze dawa na awe karibu na oksijeni, kwa sababu mwenye damu ya namna ile huwa anabadilika ghafla. Uzuri wote wa vipimo hivyo ni huo. Vinakuonya mapema ili uwahi.

Nilimpigia kaka, nikamwambia ampe baba simu. Namjua baba. Alifundisha sayansi shule ya msingi mpaka akastaafu, lakini kumpeleka hospitali kwa maneno laini, thubutu! Nikaona leo nimtishe.

"Baba, damu yako inasema utazidiwa," nilimwambia. "Siku mbili, tatu, hutaweza kupumua."

Akauliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika kabisa. Akanishukuru kwa kumwambia ukweli, akasema anajiandaa. Moyo wangu ukatulia. Gari nilishaagiza, kitanda nilishaomba, nikaenda kusimama getini nimngojee.

Ikapita saa nane. Ikapita saa tisa. Kaka hapokei simu. Dereva alipopokea akaniambia yuko nyumbani tangu saa saba na wazee wamemwambia asubiri kidogo. Kusubiri nini, jamani? Nilichukua teksi, na njia nzima, Kemondo mpaka Muleba, nilikuwa nagombana na watu ambao hawamo ndani ya gari.

Nyumbani hapakuwa na mtu ila gari na dereva wake amelala. Sauti zilitoka kibanjani, shambani nyuma ya nyumba. Nikapita katikati ya migomba, na nilichokiona sitakisahau. Baba amevaa koti lake la kanisani na buti za mvua, ameshika fimbo, anatembea kutoka mulamula mmoja hadi mwingine. Mulamula ndio mmea tunaopanda mpakani, na kwetu mzee anayeona safari yake ya mwisho imekaribia hawezi kuondoka bila kuwatembeza wanawe kwenye mipaka mbele ya mashahidi. Kaka zangu walikuwa nyuma yake, na shangazi, na majirani wawili. Kwenye kila mmea anasimama, anataja amepakana na nani, anahema, anaendelea.

Mgonjwa ambaye kwa damu ile hakupaswa kwenda hata chooni peke yake!

Sikupiga magoti kusalimia. Shangazi alinikata jicho. Kaka mkubwa akaninong'oneza kwamba mambo ya mipaka hayamhusu binti, nitulie, haraka haraka haina baraka. Hasira zikanipanda. Aliyetunga methali hiyo hakuwahi kuona D-dimer ya baba yake. Nikamwambia baba gari linasubiri, twende sasa hivi.

"Si wewe uliyeniambia nitazidiwa?" alisema, taratibu, kama anamfundisha mtoto hesabu. "Mtu akishaambiwa hivyo anaondokaje, mipaka haijaonyeshwa? Imebaki upande wa bondeni tu."

Nilimweleza kwamba nilisema vile ili awahi, kwamba ile karatasi haikumhukumu, ilimpa muda. Alinisikiliza kwa heshima, akaondoka kuelekea bondeni. Na mimi nikamfuata, kwa sababu ni baba yangu, na kwetu baba habebwi mzobemzobe mbele ya majirani. Ningembeba. Leo ningembeba.

Alipomaliza, alikaa chini ya mgomba na hakuweza kuinuka. Kifaa cha kidoleni kilisoma namba ambayo sikutaka kaka aione. Tulifika Bukoba jua linazama, midomo yake imebadilika rangi. Daktari hakuniuliza tumechelewa wapi. Alinitazama tu, na nilitamani anifokee.

Siku ya nne alifariki.

Msibani, baada ya sala, kaka mkubwa alisimama kutoa neno la familia. Akasema baba alikuwa mtu wa Mungu na alijua siku yake. Akiwa mzima, anakunywa chai, aliwaita wanawe akawaonyesha mipaka yote, akawaacha bila ugomvi. Watu wakaitikia. Mzee mmoja akasema wazee wa zamani walikuwa wanaoteshwa, wanaambiwa siku yao ndotoni, sisi wa leo tumebaki na mashine. Wanawake niliokaa nao mkekani walitikisa vichwa, na shangazi akanishika mkono, akanong'ona nifurahi, ni wachache wanaopata baba aliyejiandaa hivyo.

Baba yangu hakuoteshwa na mtu. Niliyemwambia ni mimi, kwa simu, mchana kweupe, na nilimwambia ili apande gari.