Kikapu Chenye Kipande cha Bati

Wivu ni kitu kibaya, usinifundishe, najua. Lakini keti nikueleze ulivyonishika Jumamosi iliyopita, nikiwa nimevaa nguo yangu nzuri, katikati ya watu wa kwetu.

Nilikuwa nimetoka Nakuru kuja kuona filamu. Bendi yetu imetengenezewa makala, fikiria! Wale vijana wa roki wa kituo chetu cha chai, ambao sasa ni wazee wenye vitambi na bado wanapiga magita kwa kelele ile ile. Ukumbi wa kanisa ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Shuka nyeupe ilitundikwa ukutani, na gita la kwanza lilipolia, wazee waliruka kama waliokanyaga siafu. Mwalimu wetu wa zamani, aliyewachapa hao hao kwa kuimba darasani, alisimama akatangaza, "Hawa nimewalea mimi!" Tukampigia makofi. Nami nilipiga, maana hadi hapo roho yangu ilikuwa safi.

Kisha akatokea kwenye shuka binti wa jirani yetu. Tulikua naye, ua mmoja tu kati ya boma lao na letu. Alikuwa amekalishwa kwenye kiti kizuri, shamba la chai la kijani kibichi nyuma yake, kitambaa kipya kichwani. Akasema, "Ngoma yao ya kwanza kabisa ilikuwa kikapu changu cha kuchumia chai." Ukumbi mzima ukasema aaah! Mama aliyekaa kando yangu akafuta machozi. Hapo ndipo wivu uliponishika.

Kikapu cha nani? Wacha nikwambie kilikuwa cha nani.

Sisi tulikuwa watu wa kutoka mkoa wa Kati, tuliohamia Kericho kabla sijazaliwa. Kwetu jikoni kulinukia githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, na kwa jirani kulikuwa na mursik, yale maziwa ya kibuyu yenye rangi ya majivu. Jioni sahani ya githeri ilivuka ua, na kikombe cha mursik kikarudi. Siku ambazo hatukuwa na shule tuliingia shambani umande ukiwa bado mzito, tukiwa tumefunga aproni za plastiki zilizolia chwa-chwa magotini. Shosho, nyanya yangu, alichuma kwa mikono miwili bila kutazama, huku akinitazama mimi. "Macho kwa jani!" alipenda kusema. Ukimletea jani lililokomaa badala ya changa, alilitoa kikapuni na kukuwekea mkononi kimya kimya, na aibu hiyo ilitosha.

Kazi yangu ilikuwa kubeba kikapu hadi kituoni na kungoja lori. Kituo chenyewe kilikuwa kibanda cha mabati, nguzo sita na mizani. Sasa, jani lililochumwa likirundikwa bila kuguswa hupata joto, linageuka jekundu, na karani analikataa. Kwa hivyo watoto tulikaa hapo tukigeuza majani, kugeuza na kugeuza, hadi lori litakapopenda kuja. Na karani huyo wa mizani, kijana mwenye koti jeupe na sauti ya kukwaruza, ndiye aliyekuwa mwimbaji wa bendi. Lori likichelewa, alivua koti, akachukua gita, na wenzake watatu wakatokea.

Siku moja walikuwa na kila kitu isipokuwa ngoma. Yule wa kupiga ngoma alipita akigonga vikapu vyetu vitakoni, kimoja baada ya kingine. Vyote vilitoa sauti ya kikapu. Changu kikalia! Panya walikuwa wamekitoboa, na Shosho alikuwa amekishonea kipande cha bati chini kwa waya. Nilimwaga majani yangu juu ya gunia bila kuombwa mara mbili, nikampa. Binti wa jirani, na sweta yake nyekundu, akaruka mbele kukishikilia kisicheze, uso wote kwa watu. Mimi nilibaki nyuma ya nguzo, mdomo wazi. Nilikuwa na wivu hata siku hiyo, nisikudanganye. Nao walipiga, jamani! Kwa muda wote huo sikugeuza hata jani moja.

Shosho alisikia akiwa shambani. Si muziki aliousikia, alisikia bati lake. Akateremka na fimbo mkononi, wakati ule ule ambao mpiga picha mmoja wa kuzungukazunguka vituoni alikuwa ameinua kamera. Lori nalo likaingia. Karani akavaa koti, akatia mkono katika rundo langu, akautoa haraka. "Hii imeungua, mama. Irudishe nyumbani." Karani yule yule! Ametoka kuimba juu ya kikapu changu! Nilichapwa kutoka kituoni hadi mlangoni, na binti wa jirani akachungulia juu ya ua akila mahindi.

Sasa rudi nami ukumbini. Picha hiyo ikatokea kwenye shuka, kubwa kama ukuta. Sweta nyekundu katikati. Kikapu chini ya fimbo mbili za ngoma. Mimi simo, nguzo imenila. Lakini pembeni, Shosho! Mkono juu, mguu mmoja mbele, mdomo wazi. Fimbo yake imekatwa na ukingo wa picha.

"Cheki nyanya anavyokatika!" kijana akapiga kelele, na ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Wakairudisha picha mara tatu. Tulipotoka nje, binti wa jirani alinishika mkono. "Umeniona lakini?" Nikasema, "Nimekuona, mama, umependeza." Kabla sijafika Nakuru, simu yangu ilikuwa imejaa picha ya Shosho, watu wasiomjua wa Bomet na Nairobi wakitumiana na kumwita nyanya wa roki, shabiki wa kwanza.

Kibanda kilibomolewa zamani. Kwenye mashamba makubwa siku hizi mashine ndiyo inachuma, na haina macho kwa jani. Shosho amelala kaburini upande wa juu wa shamba, karibu na ua, na ndiye pekee ambaye angeweza kusimama mbele ya watu aseme kikapu kilikuwa cha nani.

Niliandika maneno yangu chini ya ile picha, nikaeleza kikapu, bati, panya, kila kitu. Nikasoma, nikafuta. Kikapu wachukue, nimewaachia. Lakini Shosho hakuwa akicheza, na hakuwa amekuja kwa ajili ya bendi yao. Katika watu wote waliokuwa pale, alikuwa anakuja, na fimbo yake, kwangu mimi tu.