Boga Lililopewa Chumvi

Kila ninapopasua boga hutoka ile harufu mbichi ya maji na nyasi, nami hurudi kwenye roshani yetu ya mbao mjini Garissa, miaka ile ya vita vya Shifta. Roshani yenyewe ilikuwa finyu: mtu mmoja akiswali, mwingine hana pa kupita.

Mifugo yetu ilikuwa imechukuliwa na askari, tukahamia vyumba viwili juu ya duka la mjomba. Jua likishuka hakuna aliyeruhusiwa kutoka, na hata mchana mama hakutaka niende mbali. Lori la askari likipunguza mwendo barabarani, mazungumzo yalikatika. Nilikuwa msichana wa miaka minane, miguu yangu imezoea kukimbia nyuma ya mbuzi, sasa nilizunguka chumbani, hatua sita kwenda, sita kurudi, mpaka bibi yangu akapaza sauti: "Naa, we msichana, kaa chini! Unanitia kizunguzungu."

Ayeyo, ndivyo tulivyomwita bibi.

Siku moja akaja Mama Dhahabo, mkulima wa kabila la Wamunyoyaya aliyekuwa akituuzia mahindi zamani. Shamba lake kando ya mto lilikuwa limepigwa marufuku, naye alihifadhiwa na jamaa kwenye chumba kisicho na hata kipande cha udongo. Alifungua pindo la leso, akatoa mbegu tano za boga.

"Ndizo zilizobaki," alimwambia mama. "Zikikaa mwaka mwingine zitakufa. Nipandie, mwanangu. Boga mle nyinyi, mbegu unirudishie."

Mama hakuwahi kupanda hata mchicha. Alitafuta debe la mafuta, akalijaza udongo na samadi, akaliweka roshanini. Maji ya mtoni yalichotwa asubuhi tu, tena kwa hofu, kwa hiyo tulitawadha juu ya debe. Uliota mche mmoja. "Alhamdulillahi, tumekuwa wachungaji wa majani!" Ayeyo alicheka. Lakini niliona kwamba yeye ndiye aliyetawadha taratibu kuliko wote.

Mche ulitambaa kwenye nguzo, ukazaa boga moja. Lilipokuwa zito mama alilifunga kwa shali yake kuukuu, likaning'inia kama mtoto mbelekoni. Kisha likagoma kukua, au mimi ndiye niliyelichungulia mno. Na tangu nizaliwe nilisikia kwamba mnyama asiyepata chumvi hanenepi. Gunia la chumvi ya mawe lilikuwa limekaa dukani miezi mingi, maana wafugaji hawakuja tena mjini. Alasiri tatu mfululizo nilichukua konzi moja, nikaiponda, nikainyunyiza kwenye debe. Nilijiona mjuzi sana.

Majani yakaanza kuungua pembeni. Mama alidhani ni jua. Mama Dhahabo alipokuja, alichota udongo kwa kidole, akauweka ulimini.

"Nani amelisha chumvi hapa?"

Kabla mama hajaivua ndala nikalia, "Nilitaka linenepe!"

Ayeyo alicheka mpaka akashika ukingo. Mama Dhahabo hakucheka. Aliketi sakafuni, akabonyeza ganda la boga kwa ukucha, ukucha ukazama. "Bado changa," alisema. "Mbegu hazijakomaa."

Tukaanza kuuosha ule udongo. Mjomba alipanda kutawadha kwetu, majirani wakaleta maji waliyooshea mchele. Kila alfajiri, baada ya swala, mimi ndiye niliyekwenda kubonyeza ganda. Mche ulikauka shina zima, lakini ganda lilipata kuwa gumu kidogo kabla ya hapo.

Boga lilipopasuliwa, Mama Dhahabo alibonyeza mbegu moja moja. Karibu zote zilikuwa tupu. Zilizojaa zilikuwa nne. Alizifunga pindoni, akasimama kuondoka, kisha akafungua tena na kuniwekea moja kiganjani.

"Hii yako, binti. Chumvi tia kwenye sufuria."

Wote walicheka, naye pia. Mimi, Mungu anisamehe, nilinung'unika moyoni kwamba amenipa moja tu.

Miaka mingi baadaye Mwenyezi Mungu aliniruzuku ua wangu, nikapanda matuta yangu ya maboga, na msimu mmoja mafuriko yakaibeba mimea yote. Nilibaki na mbegu chache kwenye kopo, na jirani akaja kuniomba. Mkono wangu ulikataa kufungua kile kifuniko. Hapo ndipo nilipomkumbuka Mama Dhahabo na zile mbegu nne. Alinipa robo ya shamba lake, mimi niliyekaribia kulimaliza. Nilifungua kopo.