Firigisi za Kuku Mmoja

"Nipeni kuku mmoja wa kuchoma," Mapenzi alisema mbele ya akina mama wa kikundi cha kanisa pale mtaani Shika Adabu, "nami nitalisha nyumba ya watu sita kuanzia Jumapili hadi Jumatano, na hakuna atakayelala na njaa."

Siku hiyo walikuwa wakilalamikia wageni wanaokuja na mkoba mtupu na tumbo tupu. Lavender, jirani yake wa mlango wa pili, aliyehamia pwani kutoka Siaya miaka tisa iliyopita na ambaye hajawahi kuacha neno lipite bila kulipiga teke, akauliza kama huyo ni kuku ama ni mbuni. Akina mama wakacheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Mapenzi hakucheka. Alikaa chini akajitengeneza leso, kama mtu aliyekwisha tia sahihi.

Wala hakuwa akijigamba bure. Nyumbani kwake kuku hakuliwa hivi hivi, alipangiwa kazi. Alimchambua kwa vidole angali na joto, kabla mtu hajaonja: mapaja huku, kidari huku, shingo na mgongo ndani ya bakuli la bluu ambalo watoto walijua kutoligusa. Mfupa wa kushika mkononi alipewa mgeni peke yake, maana mfupa ukishaingia mdomoni mwa mtoto, alisema Mapenzi, haurudi tena kazini. Mifupa mingine yote ilikuwa na zamu. Ilichemshwa leo, ikachemshwa kesho, na ilipofika jaani ilikuwa imekauka hivi kwamba paka wa Lavender alishaacha kupita nyuma ya nyumba ile. Alihamia kwa muuza samaki.

Basi wiki mbili baada ya maneno hayo, kuku akaja, na akaja kwa sababu ya mtu.

Tinga, mumewe Mapenzi, kibarua wa bandarini, alikuwa amemleta baba yake kutoka Kinango. Mzee Mweri alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kliniki moja ng'ambo ya feri ilikuwa imempa nafasi ya kupasuliwa jicho la kulia siku ya Jumatano. Nafasi hiyo waliisubiri miezi minane. Shida haikuwa kliniki, shida ilikuwa mzee. Nafasi ya kwanza aliikimbia akisema mbuzi wake hawamjui mtu mwingine. Ya pili aliikimbia kwa sababu mpwa wake wa Mtongwe alimpa chai kabla ya kumwamkia. Mzee Mweri alitafuta sababu ya kuondoka kama vile watu wengine wanavyotafuta choo safarini. Kazi ya Mapenzi ilikuwa moja tu: amweke hadi Jumatano bila kumpa sababu.

Na alitaka kwa moyo wote. Miaka ile mitatu ya kwanza ya ndoa, watu wa boma walipoanza kumhesabia miezi kwa sauti, mzee huyu ndiye aliyewaambia kwamba hakuna mnazi uliozaa kwa kukemewa. Dhahabu alipozaliwa alimbeba siku nzima, hata mama mtu akalazimika kuomba amnyonyeshe. Sasa Dhahabu yuko darasa la saba, na babu anamtambua kwa mlio wa ndara zake.

Jumapili, Tinga akaona amheshimu baba yake kisawasawa. Alivuka ng'ambo akanunua kuku mzima wa kuchoma, aliyefungwa ndani ya foili, akarudi na feri amemkumbatia kifuani kama mtoto mwenye homa. Mapenzi alimpokea, akamfungua, na akili yake ikaenda moja kwa moja kwenye siku nne. Kidari cha Jumatatu, mifupa ya Jumanne, bakuli la bluu la Jumatano. Alipanga kila kilichokuwepo. Ambacho hakikuwepo hakukiwaza.

Sahani ya mzee ilikuwa na wali wa nazi na paja zima. Mzee akanawa, akaanza kuisoma sahani kwa vidole. Vidole vikauzunguka wali, vikapita chini ya paja, vikauzunguka wali tena. Kisha akanawa mikono upya, na paja hajalimega.

"Tinga," akasema, "firigisi ya kuku huyu ameila nani?"

Kwao firigisi haigawanywi. Ni ya mkubwa wa nyumba, na mkubwa akitembelewa na baba yake, ni ya baba yake. Tinga akajieleza mbiombio: kuku wa dukani ndivyo walivyo, wanachomwa wakiwa watupu, kichwa hakuna, miguu hakuna, firigisi hakuna.

"Kuku asiye na firigisi," mzee akauliza taratibu, "alikuwa akisaga mahindi kwa meno?"

Dhahabu akatoka mbio kwenda kucheka nje. Wengine hawakuthubutu. Mzee hakupandisha sauti. Alisema ameelewa, mwanawe amekuwa mtu mzima, nyumba ina mkubwa wake na mkubwa amekula chake, na ni vyema. Yeye kesho asubuhi atapanda gari la Kinango akawapapase mbuzi wake kama kawaida.

Mapenzi alikuwa nyuma ya pazia la jikoni, ameshika mwiko. Mkamwana habishani na mkwewe juu ya kilichomo sahanini. Angeweza kuapa, angeweza kuileta ile foili kama ushahidi, na yote hayo yangekuwa sababu nyingine ya kuondoka. Akayafunga mapaja na kidari kwenye kopo, akaenda kuviweka, pamoja na bakuli la bluu, kwenye friji ya Lavender. Lavender akauliza mbuni anaendeleaje. Mapenzi akafunga mlango wa friji.

Jumatatu jua halijatoka sawasawa, Mapenzi alikuwa mbele ya meza ya Mwanatabu, kando ya stendi. Mwanatabu huuza vile ambavyo mahoteli hayavitaki: vichwa, miguu, shingo, firigisi, kila kitu na beseni lake. Mapenzi akanunua firigisi moja, akaiosha, akaikata mistari, akaipaka chumvi na ndimu, akaichoma juu ya makaa mpaka ikalia.

Mzee alikuwa ameshajiweka tayari barazani, mkoba mapajani. Mapenzi akapiga magoti, akaamkia, akaweka mbele yake kisahani kilichofunikwa.

"Baba, jana ilikuwa haijaiva."

Huo haukuwa uongo mtupu. Jana ile firigisi ilikuwa bado inatembea.

Mzee akaigusa. Akainusa. Akaitia mdomoni, akatafuna bila haraka, kwa upande ule wenye magego. Gari la Kinango lilipiga honi, likajaa, likaondoka, na yeye bado anatafuna. Mwishowe akasema, basi ataondoka kesho.

Mchana ule kidari kilichambuliwa nyuzi nyuzi, kikaingia kwenye mchicha wa nazi, kikaliwa na sima, na kila sahani ilikuwa na kuku ndani yake, hata kama ilibidi umtafute. Lavender alikuja kuazima chumvi, akasimama mlangoni akizihesabu sahani kwa macho, akarudi kwake bila chumvi. Jumanne mifupa ikachemshwa, supu yake ikapikiwa muhogo na nazi, nyumba nzima ikanukia Krismasi. Na kwa kuwa mzee alikuwa ameshika tena mkoba asubuhi, palikuwa na firigisi ya pili. Na kwa kuwa mchana alitaja tena mbuzi, jioni palikuwa na ya tatu.

Hiyo ya tatu aliishika vidoleni muda mrefu.

"Mkamwana."

"Abee, baba."

"Kuku wako huyu ana firigisi ngapi?"

Tinga akainamia sahani yake kana kwamba amedondosha kitu ndani. Lavender, aliyekuwa ameleta lile kopo la mapaja kutoka kwenye friji yake, akasimama mlangoni kusikiliza. Mapenzi aliifikiria Jumatano, na miezi minane nyuma yake. Hakuweza kudanganya tena, na kweli ilikuwa haina adabu.

"Bado namchambua, baba," akasema.

Kisha mabega ya mzee yakaanza kutikisika, kidogo kidogo, mpaka bakora yake ikaanguka. Akaitia firigisi mdomoni. Alipomaliza kutafuna alisema kesho watoke mapema, feri isije ikawachelewesha wakapoteza nafasi ya daktari.

Jumatano bakuli la bluu likafunguliwa. Vinofu vya shingo na mgongo vilipondwa na viazi, dania na ndimu, vikawa katlesi kumi na nne: nne za kliniki, nane za nyumbani, mbili za Lavender. Lavender alikula zote mbili akiwa wima. Katika kikao cha Jumamosi iliyofuata alisimama, bila kuulizwa, akatangaza kwamba yule alikuwa kuku.

Lakini kabla ya Jumamosi kulikuwa na Alhamisi, siku ya kufunguliwa bandeji. Dhahabu alikwenda kuwapokea babu na mama yake ferini na sare yake ya shule. Mzee hakusubiri mlio wa ndara. Alimtazama juu hadi chini, akamgusa paji la uso, akasema hilo ni la mamake yeye mzee, na limekuja lote. Kisha akashika njia mbele yao, bila kushikwa mkono.

Penye meza ya Mwanatabu akasimama. Akainama juu ya lile beseni lililojaa firigisi pomoni, akalitazama vizuri. Mapenzi akageukia upande wa barabara, akawa na haja kubwa ya kuifunga upya leso yake. Mzee akasogeza jicho lake jipya karibu na kipande cha boksi kilichochomekwa mbele ya beseni, akakisoma kwa sauti, taratibu, kama mtu aliyejifunza kusoma ukubwani.

Firigisi moja, shilingi ishirini.