Spika Mbili, Umeme Mmoja

Fundi Spika alikuwa na imani yake, na imani hiyo ilimponza kila alikokwenda. "Spika ni nyingi," alipenda kusema huku akimenya waya kwa meno, "lakini umeme ni mmoja. Na Mungu ndiye huo umeme." Waumini waliompa kazi walicheka tu. Baba yake, aliyeongoza dua katika ukumbi wa chini, hakucheka. Wala mama mkwe wake, aliyeongoza maombi katika ukumbi wa juu wa jengo lilelile. Hao wawili hawakuwa wamesalimiana tangu harusi ya watoto wao, na kila mmoja aliapa hatamshika mjukuu atakayelelewa katika dini ya mwenziwe. Mjukuu mwenyewe alikuwa bado tumboni, maskini, hata jina hana, na tayari ameshagombaniwa.

Kumbi zote mbili zilitumia chumba kimoja cha mitambo, chini ya ngazi. Alasiri moja Fundi alikuwa humo akifuta vumbi, nyaya zote amezichomoa, simu ikalia. Mke wake ameingizwa chumba cha upasuaji, na hali si nzuri. Aliwaeleza wazee wote wawili, akachomeka nyaya harakaharaka bila kuzitazama, akatoka mbio.

Hakufika mbali. Kutoka ukumbi wa chini, kwa baba yake, ilisikika sauti ya mama mkwe: "Ee Mungu, mfungulie mwanangu. Na yule mzee mkaidi, mpe uhai amwone mjukuu wake."

Lo! Alikuwa amechanganya nyaya, kosa ambalo hata mwanafunzi wake angechekwa kwalo. Alirudi mbio akaishika plagi. Papo hapo ukumbi wa juu ukanguruma kwa sauti ya baba yake: "Mola wangu, mwanangu yuko mikononi mwako. Turudishie." Mwanangu! Mzee ambaye siku zote alimwita mkewe Fundi "yule binti" na basi.

Fundi aliiachia plagi. Alikaa sakafuni akalia, akacheka, akalia tena. Kisha kumbi zote mbili zikaitikia "Amina" kwa pamoja, hadi mlango wa chumba cha mitambo ukatikisika.

Hospitalini wazee walishuka kwenye teksi moja, wakibishana nani kaomba vizuri zaidi. Muuguzi akatoka na mtoto anayepiga yowe, akasema mama mtu yu salama. Mikono minne ilinyooshwa kwa wakati mmoja.

"Mshike wewe kwanza, mkwe mwenzangu," alisema mzee.

"Hata! Tumshike wote."

Wakamshika wote. Mtoto akazidisha kelele, watu wa korido nzima wakageuka.

"Huyu hahitaji spika," alisema mzee, machozi yakimtiririka hadharani bila aibu.

"Aihitaji ya nini," mama mkwe akajibu, "na umeme anao?"

Fundi, aliyeyasubiri maneno hayo tangu harusi yake, aliinua mikono juu akapiga kelele kumshinda mwanawe.